Kwa nini uso hutoka wa kijivu studio: namna ya kupanga taa za picha za mavazi na urembo

Picha za sendofu zimetoka. Gauni linaonekana vizuri, maua yanaonekana, hata lebo ya chupa ya soda mezani inasomeka. Uso wa mwenye shughuli ndio umetoka wa kijivu kama umepakwa majivu, paji la uso linang'aa kama bati jipya, na mikono ina rangi nyingine kabisa. Mpiga picha naye ana jibu lake la siku zote: "Usijali, nitaung'arisha kwenye kompyuta." Akimaliza kuung'arisha, anayeonekana pichani si yule aliyelipia.

Malalamiko ya namna hii si mageni kwenye kipindi chetu, yawe ya wateja wa studio za Sumbawanga mjini au ya mafundi cherehani wa Mollo wanaotangaza mishono yao kwa picha za WhatsApp. Fundi ana hasara yake pia. Mteja anaagiza gauni la zambarau alilolipenda pichani, likifika anaona ni la bluu iliyokolea, analikataa. Kitambaa kimeshakatwa, hela imeshaingia kwenye uzi na zipu.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza taa. Mara nyingi si kweli. Tuangalie mwanga unavyofanya kazi kwenye ngozi na kwenye kitambaa, kisha tuone studio ndogo ya chumba kimoja inaweza kufanya nini.

Mwanga ukifika kwenye ngozi

Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu ya mwanga huingia ndani kidogo, ikatoka tena ikiwa imebeba rangi ya ngozi. Sehemu nyingine haiingii kabisa, inadunda juu ya ngozi kama inavyodunda juu ya meza iliyopigwa vanishi. Hii ya pili ndiyo tunayoiita mng'ao.

Ngozi nyeusi hunyonya zaidi ule mwanga unaoingia ndani. Kwa hiyo mng'ao wa juu huonekana wazi zaidi kuliko kwenye ngozi nyeupe. Na mng'ao una tabia moja muhimu: huchukua umbo la taa iliyouleta. Taa ndogo huacha doa dogo kali kwenye paji la uso na puani. Taa kubwa, au taa ndogo iliyopitishwa kwenye kitambaa kikubwa cheupe, huacha mng'ao mpana na mpole unaoteleza kwenye shavu, ukachora mfupa wa uso na taya.

Hapo ndipo kosa la studio nyingi linapoanza. Mpiga picha akiona uso mweusi haujatoka, anaongeza nguvu ya taa ileile ndogo. Doa la kwenye paji linazidi kuwa jeupe, na pembeni uso unabaki gizani. Kinachohitajika ni kuikuza taa na kuihamisha, nguvu yake inaweza kubaki ileile.

Ukubwa wa taa na umbali wake

Ukubwa tunaouzungumzia ni ule unaoonekana kutoka alipokaa mtu. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali wake linaonekana dogo, ndiyo maana kivuli cha saa 6 mchana kina ukingo mkali. Mawingu yakilifunika, anga zima linakuwa taa moja kubwa na vivuli vinalainika.

Studio ni vivyo hivyo. Softboksi yenye upana wa sentimita 90 ikiwa mita 1 kutoka usoni ni taa laini. Ukiirudisha nyuma hadi mita 4, softboksi ileile inakuwa taa ndogo yenye vivuli vikali. Kwa picha ya uso, anza kwa kuiweka taa umbali unaokaribia upana wake, kisha rekebisha kwa jicho.

Umbali una kanuni nyingine. Ukiongeza umbali mara 2, mwanga unaofika unabaki robo. Ukiongeza mara 3, unabaki sehemu moja ya tisa. Kanuni hii inaeleza mambo mengi yanayowasumbua wapiga picha.

Kwanza, pazia la nyuma. Mtu akisimama akiwa ameegemea pazia, taa inawapiga wote wawili sawasawa, na kivuli chake kinakaa ukutani nyuma ya sikio. Akisogea mbele mita 1.5 hadi 2, pazia linapata mwanga kidogo na kivuli kinaangukia sakafuni.

Pili, maharusi wenye rangi tofauti. Anayehitaji mwanga zaidi akae upande wa taa, mwenzake akae mbali kidogo. Pia unaweza kuigeuza softboksi ili katikati yake imwelekee aliye mbali, na ukingo wake ndio umpitie aliye karibu.

Tatu, picha ya mavazi kuanzia kichwani hadi miguuni. Taa ikiwa usawa wa kichwa, mita 1 tu kutoka kwa mvaaji, miguu yake inapata chini ya theluthi ya mwanga unaofika usoni. Pindo la gauni linapotea. Ukiirudisha taa mita 3, miguu inapata zaidi ya robo tatu ya mwanga wa usoni. Lakini kumbuka tulichosema juu: ukiirudisha nyuma inakuwa ndogo, hivyo ni lazima uikuze. Shuka jeupe lisilo na maua, likitandazwa kwenye fremu ya mbao mbele ya taa, linafanya kazi hiyo vizuri.

Picha ya urembo na picha ya mavazi ni kazi mbili

Katika picha ya urembo, bidhaa ni uso: mekapu, nywele, ngozi, hereni. Mpangilio wa kwanza wa kujifunza ni wa kipepeo. Taa laini inakaa mbele, juu kidogo ya macho, ikiinamia uso. Chini ya pua kinatokea kivuli kidogo chenye umbo la kipepeo, na mashavu yanajichora. Ukiongeza kitu cheupe chini ya kidevu cha kurudisha mwanga, vivuli vya chini ya macho vinafunguka. Wapiga picha huuita mpangilio huo chaza, kwa kuwa taa ya juu na ubao wa chini hukaa kama magamba mawili ya chaza yaliyofunguka. Ni msaada mkubwa kwa aliyevaa kilemba, kwa sababu kilemba huangusha kivuli machoni.

Mpangilio wa pili ni wa pembeni. Taa inasogezwa upande kiasi cha nyuzi 45 na kuinuliwa, mpaka kwenye shavu la upande wa giza ibaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Unaitwa kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Unafaa kwa uso unaotaka uzito na heshima, mathalani picha ya mzee wa ukoo au mhitimu wa chuo.

Vipi kuhusu ringi laiti, ile taa ya duara iliyojaa saluni? Inafaa kuonyesha mekapu kwa karibu, kwa kuwa inafuta vivuli. Lakini kivuli ndicho kinachoonyesha umbo, na ukikifuta chote uso unakuwa bapa kama sahani. Pia kwenye ngozi yenye mafuta mng'ao wake unarudi moja kwa moja kwenye kamera. Ukiisogeza pembeni na kuipitisha kwenye kitambaa cheupe, inageuka kuwa taa ya kawaida yenye manufaa.

Katika picha ya mavazi, bidhaa ni nguo, na kila kitambaa kina matakwa yake. Kitenge kinataka mwanga ulioenea ili rangi zake zisomeke sawa kuanzia begani hadi pindoni. Satini hung'aa kama ngozi, hivyo inataka taa kubwa, vinginevyo kila kunjo linakuwa mstari mweupe. Lesi na nguo za kufuma zinataka mwanga wa pembeni unaozipita kwa juu, ili matundu na nyuzi zionekane. Mahameli nyeusi hunyonya mwanga, inahitaji taa ya ziada kutoka nyuma pembeni ili ukingo wake ujitenge na pazia. Nguo yenye vipande vinavyometameta ndiyo pekee inayofurahia taa ndogo kali, kwa kuwa kila kipande kinarudisha nukta yake.

Kamera inavyodanganyika

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kama kinamwangalia mtu au ukuta. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kinapaswa kuwa na wastani wa kijivu. Bibi harusi mweusi akivaa gauni jeupe mbele ya pazia jeupe, kamera inaona weupe mwingi na kuipunguza picha yote. Gauni linakuwa la kijivu na uso unazama. Akisimama mbele ya pazia jeusi, kamera inaongeza mwanga, na uso unapauka.

Dawa ni kuacha kamera isijiamulie. Weka mipangilio kwa mkono, na upime mwanga unaofika usoni, siyo pazia. Kwa flashi za studio, anzia ISO 100, tundu la lenzi f/8, na kasi ya sekunde 1/125. Kamera nyingi zina kikomo cha kasi kinachokwenda na flashi, karibu 1/160 au 1/200, na ukikipita unapata mstari mweusi upande mmoja wa picha. Piga moja, tazama, kisha ongeza au punguza nguvu ya taa. Hifadhi picha kwa mfumo wa RAW, kwa sababu mfumo huo unabaki na taarifa nyingi za sehemu za giza.

Wanaotumia taa za LED za umeme wa ukutani wakiona mistari ikipita kwenye picha, chanzo ni hiki: umeme wetu una mzunguko wa 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi ya 1/50 au 1/100 kwa kawaida huiondoa mistari hiyo.

Rangi: balbu, dirisha na ukuta wa kijani

Mwanga una rangi, ingawa macho yetu huzoea haraka. Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini. Balbu ya manjano ina takriban 2,700 hadi 3,200. Mwanga wa jua la mchana ni kama 5,500. Kivulini chini ya anga la bluu hufika 7,000 na zaidi. Ukiwasha balbu ya manjano huku dirisha likiwa wazi, nusu ya uso inakuwa ya chungwa na nusu ya bluu, na ni vigumu kuzirekebisha zote mbili kwa pamoja. Chagua chanzo kimoja. Zima balbu, au funga pazia.

Kisha tazama kuta. Vyumba vingi vya biashara vimepakwa kijani, bluu au pinki, na ukuta huo unarudisha rangi yake usoni. Ngozi ya kahawia ikipigwa na kijani cha ukuta ndiyo inayotoa ule ujivu. Paka nyeupe isiyong'aa, au tundika shuka jeupe upande ulio karibu na mteja.

Ukinunua taa za LED, usiangalie wati tu. Tafuta kwenye boksi alama ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu. Ikiwa 95 au zaidi, ni nzuri kwa ngozi na kitambaa. Taa zenye alama ndogo mara nyingi ni hafifu kwenye wekundu, na wekundu ndio unaoipa ngozi yetu uhai. Kabla ya kuanza kazi, piga picha moja ya kadi ya kijivu ikiwa imeshikwa usawa wa uso, uitumie kusawazisha rangi za picha zote zitakazofuata. Kwa fundi cherehani, picha hiyo moja inaweza kumwokoa na gauni kukataliwa.

Dirisha la Ufipa

Aliyeko Mollo bila softboksi ana taa kubwa ya bure. Uwanda wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la hapa ni kali, hivyo usimpige mtu nje saa 6 mchana. Mweke ndani, kando ya dirisha ambalo jua halipigi moja kwa moja.

Ni dirisha lipi? Sumbawanga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua hupita upande wa kaskazini siku nzima, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini linatoa mwanga laini usiobadilika sana. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua huhamia kusini, na dirisha la kaskazini ndilo linalofaa. Msimu wa mvua mawingu yenyewe ni kitambaa cheupe kilichotandazwa angani, na hata kibaraza kinatosha.

Upande wa pili wa uso weka kitu cha kurudisha mwanga: ile povu ngumu nyeupe inayokuja kwenye boksi la televisheni mpya, au shuka. Ukitaka kivuli kizidi, weka kitambaa cheusi upande huo. Mlango wa mbao uliofunikwa blanketi unafaa kuwa pazia la nyuma. Njia hii inasaidia pia umeme unapokatika, katika mkoa ambao kwa miaka mingi umetegemea umeme unaonunuliwa Zambia.

Usalama nao tusiusahau. Balbu za zamani za studio huwa moto sana, zisiguse shuka wala nailoni. Stendi iwekewe mfuko wa mchanga miguuni, na nyaya zipite pembeni ya ukuta.

Kosa lenye historia

Wapo wanaosema mtu mweusi ni mgumu kupigwa picha. Si kweli, na ni vizuri kujua neno hilo lilianzia wapi. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Malalamiko yaliyosikika kwanza yalitoka kwa kampuni za chokoleti na za samani, ambazo hazikuweza kupata rangi sahihi ya kahawia kwenye matangazo yao. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, ndiye aliyeiandika historia hiyo kwa kina. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Mwaka 2022 Google walianza kutumia kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk, ili kamera na programu zifundishwe kwa watu wote.

Huku kwetu wapiga picha hawakusubiri. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya N. V. Parekh ya Mombasa, waliwapiga Waswahili, Waarabu na Wahindi kwa taa walizozipanga wenyewe, na sura hizo zimehifadhiwa hadi leo. Naye Flaviana Matata alipofika kumi bora za Miss Universe mwaka 2007 akiwa amenyoa nywele zote, dunia iliona kwamba kichwa cheusi kisicho na unywele mmoja ni urembo kamili. Kichwa cha aina hiyo ni mtihani mzuri wa taa: ikiwa ndogo, utaona doa, ikiwa kubwa, utaona umbo.

Kung'arisha siyo kumulika

Mpiga picha anayempausha mteja kwenye kompyuta anafanya kwa kidole kile ambacho krimu za kujichubua hufanya kwa kemikali. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania kwa sababu ya madhara yake. Programu haiunguzi ngozi, lakini inamwambia binti kwamba picha yake nzuri ni ile ambayo si yeye. Uso mweusi uliomulikwa vizuri unabaki mweusi. Unaonekana kila sehemu, macho yana nukta ya mwanga, na rangi ya shavu inalingana na ya shingo na ya mikono.

Kwa hiyo mteja, kabla ya kulipa kianzio, omba kuona picha ambazo hazijapitishwa kwenye programu, za mtu mwenye rangi kama yako. Tazama mambo matatu: paji la uso halina doa jeupe, mikono inafanana na uso, na nyeusi ya nywele imetengana na pazia. Siku ya picha mwombe mpiga mekapu asitumie poda iliyo nyeupe kuliko shingo yako, kwa sababu flashi huifichua mara moja. Ukiona mpiga picha anaisogeza taa, anatazama, anaisogeza tena kabla hata hajabonyeza, tulia. Hapotezi muda wako, hiyo ndiyo kazi unayomlipa.